Sisso na Maiko, "Singeli Ya Maajabu": kinanda kimerudi mbele ya biti

Vidole Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba albamu hii ya singeli, muziki wetu wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, tuijadili kwa masikio. Imetoka 2024 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na kuifanya studio ya Mburahati ijulikane nje ya Dar es Salaam. Baada ya hapo tumepata Poaa ya Bamba Pana (2018), Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mr Mixondo ya DJ Travella (2022), na nyingine nyingi. Zote nazipenda. Ila msimamo wangu ni kwamba hii ya Sisso na Maiko imezipita, kwa sababu moja tu: kinanda kimepigwa kwa vidole, vya Maiko, na biti imekubali kukaa nyuma yake.

Sikilizeni tofauti ya lupu na mkono. Lupu ikikatwa mapigo manne na kurudiwa, kila kosa lililomo linarudi mahali palepale, na baada ya nusu dakika sikio limeshajua kinachokuja. Mkono haurudii hivyo. Mpigaji anaweza kuanza sentensi ya muziki kwenye pigo la tatu, akavuka mwanzo wa mzunguko, akamalizia pigo la pili la mzunguko unaofuata. Noti moja inawahi kidogo, nyingine inachelewa, ya tatu inavutwa kwa gurudumu la kupinda sauti kabla haijatulia. Kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, mambo hayo yanatokea ndani ya milisekunde chache, na ndiyo yanayoufanya wimbo usikike una mtu ndani yake.

Wapo wanaosema inafanana na muziki wa magemu ya zamani. Mlio kweli unakaribia, ila asili yake si magemu. Ni mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar es Salaam uliotangulia singeli. Kule kinanda kidogo cha Casio ndicho kilikuwa kiongozi, ngoma zikibeba na mwimbaji akijibu. Singeli ilipoanza kukua miaka ya 2000, lupu fupi za taarabu na mchiriku zilizokimbizwa ndizo zikachukua uongozi, kinanda kikabaki kipande kilichokatwa. Maiko amekirudisha kikiwa hai, kwenye mwendo ambao mchiriku haukuwahi kuufikia.

Karibuni.

Mzee wa Mnanda

Umenena vema, kijana. Niongeze kuhusu mchiriku, maana wengi wanautaja bila kujua kwa nini ulisikika vile.

Vinanda vile vidogo vingi havikuzidi sauti nane kwa mkupuo, na vingine vilikuwa na nne tu. Ukibonyeza zaidi, noti ya zamani inakatwa. Kisha sauti ilitoka kwenye kikuza sauti cha bei nafuu kilichosukumwa hadi mwisho, ikaingia kwenye spika ya honi. Honi haitoi besi ya maana, inatoa sauti ya katikati na ya juu, basi. Sauti ikishaharibika kwa kusukumwa, ukipiga noti tatu pamoja zinachanganyika na kuzaa sauti nyingine ambazo hukuzipiga, na kinachotoka ni mngurumo usio na wimbo. Ukipiga noti moja moja, huo uharibifu unaipa ukali mzuri na inafika mwisho wa mtaa. Ndiyo maana wapigaji wa mchiriku walikaa kwenye mstari mmoja wa mkono wa kulia, noti fupi, nyingi, zenye mapambo.

Sikiliza albamu hii kwa kigezo hicho. Sehemu zinazokushika ni za mstari mmoja mkali. Hiyo ni akili ya honi, hata kama siku hizi inatoka kwenye laptopu.

Kwa anayetaka kulinganisha, atafute Bongo Hotheads ya Jagwa Music, ilitolewa 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Asikilize ile kwanza, nzima, halafu hii. Ndugu wawili hao, mmoja tu anakimbia zaidi.

Kipaza Mkononi

Shikamoo Mzee wa Mnanda. Vidole Kumi, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe.

Singeli ni maneno. Watu wa Manzese na Tandale hawakuipenda kwa sababu ya kinanda. Waliipenda kwa sababu MC, yaani mchanaji wa maneno, alisimama akasema habari za mwenye nyumba, kodi, wivu, umbea, mapenzi ya shida. Msaga Sumu, Man Fongo, Dulla Makabila, Meja Kunta: ukiwaondolea maneno umebakiwa na nini? Albamu hii haina MC anayebeba wimbo. Biti tupu.

Na si suala la ladha pekee, lina hesabu yake. Kwa mwendo wa 220, ukiweka silabi moja kila nusu pigo unapata silabi 7.3 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mtu anayezungumza haraka, na MC mzoefu anaibeba huku maneno yakieleweka. Panda hadi 300: silabi kila nusu pigo inakuwa 10 kwa sekunde. Hapo ulimi unaanza kumeza konsonanti, na neno kama "nimekukumbuka" linatoka bila katikati. MC anabaki na njia moja, kushuka na kuweka silabi kila pigo zima, tano kwa sekunde, na hapo anasikika analegea wakati biti inamkimbia. Kwa hiyo prodyuza anayepandisha mwendo kila mwaka anamfungia MC mlango, halafu wasikilizaji wa Ulaya wanaambiwa hii ndiyo singeli.

Vidole Kumi

Kipaza, hesabu yako ni sahihi na nimeifurahia. Nitofautiane kwenye hitimisho.

Biti na MC havikuwahi kuwa kitu kimoja. Studio inatengeneza biti, biti inazunguka kwenye simu na flashi, MC watano tofauti wanaichania katika shughuli tano tofauti. Biti tupu ilikuwepo tangu mwanzo, ila haikuwa inatolewa kama kazi ya kusikilizwa peke yake. Lebo ya Kampala haikuibuni, ilichofanya ni kuiweka mbele.

Kuna jambo jingine la kiufundi. Sauti ya binadamu inayoeleweka inakaa sana kati ya Hz 300 na 3,000. Mstari wa kinanda wa Maiko unakaa humohumo. Ukiweka vyote viwili kwa nguvu sawa, kimoja kitakifunika kingine. Kwenye biti ya MC, prodyuza anakata kinanda au anakirudisha nyuma ili maneno yapite. Hapa kinanda ndicho kimepewa kiti cha MC: kinaita, kinajibiwa na ngoma, kinanyamaza, kinarudi na swali jingine. Mimi nasikia mazungumzo pale. Ukitaka kumhukumu Maiko, muulize kama anachosema kwa kinanda kina mwanzo na mwisho, usimuulize kwa nini hasemi kwa mdomo.

Kipaza Mkononi

Hoja ya kiti cha MC naipokea. Bado nasema nyimbo mbili tatu zenye MC zingeipa albamu pumzi. Kinanda kinachozungumza mfululizo bila mtu wa kukatiza kinachosha, hata kikiwa kizuri.

Fundi Sabufa

Wakuu, kabla hamjagombana zaidi, nusu ya malalamiko ya "makelele" yanatokana na vyombo vya kusikilizia. Singeli ni mtihani mgumu kwa spika kuliko karibu muziki wowote tunaopiga nyumbani.

Tuanze na sabufa. Sabufa nyingi za sebuleni zina tundu la hewa linalofanya besi iendelee kuvuma baada ya pigo kwisha. Kwenye bongo fleva ya mwendo wa 100, pigo moja lina milisekunde 600, mvumo unapata nafasi ya kufa. Kwa 220 pigo lina milisekunde 273, na nusu yake ni 136. Mvumo wa kwanza haujaisha, wa pili umefika, wa tatu unafuata, na unachosikia ni ukuta mmoja wa "mmmm" unaofunika kinanda chote. Ukiiweka sabufa kwenye kona ya chumba unazidisha, kwa sababu kuta mbili na sakafu zinairudisha besi ileile.

Dawa: itoe kwenye kona, iwe na nafasi ya mkono mmoja hivi kutoka ukutani. Punguza kitufe cha besi hadi chini ya nusu. Zima kila kitu kinachoitwa "super bass" au kinachoahidi sauti ya ukumbi. Spika ndogo mbili zielekee unapokaa, zisitazame dari. Kisha ongeza sauti kwa jumla badala ya kuongeza besi. Utashangaa kinanda kina maneno mengi kiasi gani.

Pili, faili. MP3 inachakata sauti kwa vipande; kipande kimoja cha sampuli 576 ni milisekunde 13 hivi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Faili ikibanwa sana, kelele ya pigo kali inamwagika hadi kabla ya pigo lenyewe. Kwenye wimbo wa polepole husikii. Kwenye singeli, robo ya pigo ni milisekunde 68 tu kwa 220, kwa hiyo mmwagiko wa milisekunde 20 unakula karibu theluthi ya nafasi kati ya mlio na mlio. Hihati, yale matoazi madogo, zinageuka kuwa mchanga. Msiihukumu albamu kwa klipu ya video iliyopita WhatsApp mara tatu. Tafuteni FLAC au WAV, faili zisizopunguza sauti, au angalau MP3 ya 320 kbps.

Tatu, wanaosikiliza kwenye huduma za kutiririsha wanasema "imepoa". Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inashusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Wimbo uliotengenezwa kwa -6 unashushwa desibeli 8. Ile nguvu iliyopatikana kwa kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo inapotea, ila ubanaji wenyewe unabaki. Zimeni kusawazisha sauti kwenye mipangilio, mpandishe wenyewe kwa mkono.

Spika ya simu? Haitoi besi ya chini kabisa. Ajabu ni kwamba singeli inaistahimili kuliko muziki mwingine, kwa sababu alizozieleza Mzee: wimbo uko katikati, palepale honi ilipoishi.

Nuru wa Kisauni

Mzee wa Mnanda, shikamoo. Wengine, hamjambo. Mimi niko upande wa Mombasa, huku singeli inapigwa kwenye matatu na harusi lakini wanaoitengeneza ni wachache. Naomba mtu anifafanulie hatua za kutengeneza biti ya namna hii, yenye kinanda cha kupigwa. Natumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, na kinanda cha USB cha funguo 25. Kila nikipandisha mwendo zaidi ya 200, biti inakuwa uji na kinanda changu kinachelewa.

Lupu Fupi

Dada Nuru, marahaba ya Mzee itakuja, mimi nianze na kazi.

Weka mwendo 220. FL inakubali hadi 522, hivyo si tatizo. Ukiona gridi inakuchanganya, weka 110 na uandike kila kitu kwa msongamano maradufu. Masikioni ni kitu kilekile.

Kiki, ile ngoma ya besi, ndiyo inayoharibu biti za wengi. Kiki ya trap au ya amapiano ina mkia wa nusu sekunde au zaidi. Nusu sekunde kwa 220 ni karibu mapigo mawili, kwa hiyo mikia inapandana na unapata huo uji. Ikate milisekunde 100, na mwisho wake uufifishe kwa milisekunde 10 ili usisikie "tik" ya kukatwa. Acha mlio wa mwanzo wa Hz 2,000 hadi 4,000, ndio unaolifanya pigo lisikike kwenye spika ndogo.

Usiweke kiki kila pigo na kuacha hapo, itakuwa techno iliyokimbizwa. Gawa mapigo manne kuwa nafasi nane za nusu pigo. Weka mkazo wa ngoma ya katikati kwenye nafasi ya 1, ya 4 na ya 7, yaani tatu, tatu, mbili. Kiki ikae kwenye 1 na 5. Hapo utaona mwili unaanza kutembea kwa 110 wakati masikio yanahesabu 220. Mchezaji hachezi mapigo yote 220, anachukua nusu, na mabega ndiyo yanayochukua mengine.

Kayamba au hihati kwenye robo pigo: moja kwa nguvu, inayofuata chini kwa desibeli 6, ya tatu chini kwa 3, ya nne chini kwa 8. Zikiwa sawa zote zitasikika kama bunduki, na sikio litachoka ndani ya dakika moja.

Besi sasa, na hapa nifafanue kidogo. Mawimbi ya Hz 50 huchukua milisekunde 20 kwa mzunguko mmoja. Ukipiga noti ya robo pigo, milisekunde 68, unapata mizunguko mitatu na kitu. Sikio halipati muda wa kuitambua noti, linasikia kishindo tu. Ukienda Hz 100 unapata karibu saba, noti inaanza kusikika. Kwa hiyo besi ya singeli ipande: cheza kati ya Hz 80 na 130, noti ndefu za pigo moja au mawili. Chini ya Hz 35 kata kabisa.

Lupu ya rangi, kama unaitaka chini ya kinanda: piga mwenyewe kijisehemu cha fidla au kodiani kwa 110, kisha kiongeze mwendo mara mbili bila kufunga ufunguo. Kitapanda oktavu nzima. Basi kipige oktavu moja chini tangu mwanzo, kitatua mahali pake. Ukitoka 147 kwenda 220 kinapanda nusu-toni saba, hivyo kama wimbo wako uko La, kirekodi katika Re iliyo chini yake. Ukifunga ufunguo ili sauti isipande, programu inakata sauti vipandevipande na kuvishona upya, na mapigo yote yanapoteza makali. Ule mlio wa juu uliobanwa wa singeli za zamani ulitokana na kuacha sauti ipande yenyewe.

Mwangwi: chumba kikubwa cha sekunde 1.5 kinafunika mapigo matano na nusu. Tumia sekunde 0.3 au usitumie. Ukitaka mrudio, weka milisekunde 136 au 205, zinaingia kwenye gridi.

Kinanda chako kinachelewa kwa sababu ya bafa, yaani sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua ASIO, njia ya sauti isiyochelewa sana. Sampuli 1,024 kwa 44,100 ni milisekunde 23, theluthi ya robo pigo, na hiyo ni kabla hujahesabu njia ya USB. Shusha hadi 256, milisekunde 6 hivi, au 128 kama laptopu inahimili. Ikianza kukwaruza, usirudishe bafa juu. Geuza mabiti yaliyokwisha kuwa sauti ya kawaida, zima vinanda vya programu usivyovitumia, piga, rekodi, kisha ndipo urudishe bafa kwa ajili ya kumiksi.

Vidole Kumi

Nakazia, na niongeze upande wa vidole, maana hapo ndipo watu wengi wanashindwa kumfikia Maiko.

Usirekodi kinanda kwa nusu mwendo halafu ukakimbize. Noti zitakuwa sahihi lakini zitakuwa zimekaa sawasawa mno, na mapambo yatakimbia kuliko mkono wowote. Piga kwa 160 hadi sentensi iwe safi, panda 180, kisha 200, kisha 220. Na usisawazishe kwa gridi baada ya kurekodi, yaani usiisogeze kila noti ikae juu ya mstari. Kama ni lazima, sawazisha asilimia 30 hadi 40 tu.

Chagua mlio usio na mwanzo wa polepole. Muda wa kupanda uwe chini ya milisekunde 5, na kuachia kuwe milisekunde 40 hadi 60. Mlio wa mraba au wa msumeno, sauti moja kwa wakati, uteleze kati ya noti kwa milisekunde 20 hadi 30. Ukizidisha mtelezo hadi 100, noti za robo pigo hazifiki zinakokwenda na wimbo wote utasikika nje ya ufunguo. Gurudumu la kupinda kwa kawaida limewekwa nusu-toni mbili juu na mbili chini; linatosha.

Funguo 25 zinakutosha pia, dada. Mstari mmoja wa mkono wa kulia hauvuki oktavu moja na nusu mara nyingi. Mkono wa kushoto uwe kwenye gurudumu.

Na nyamaza. Piga mizunguko miwili, acha mmoja. Ndicho kinachofanya ngoma isikike inajibu.

Mzee wa Mnanda

Marahaba, Nuru. Jambo moja ambalo vijana hawajalisema: usiweke kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za mkono wa kushoto kwa sababu tu unazijua. Wimbo wa mchiriku unazunguka kwenye noti tano au sita, na utamu unatoka kwenye namna ya kuiendea noti. Iguse ile ya juu yake haraka, rudi, kaa. Ukishajaza kodi, umeuhamishia mjini.

Nuru wa Kisauni

Nashukuru sana, Mzee na kaka zangu. Bafa ilikuwa 1,024 kweli. Kiki ya milisekunde 100 imesafisha kila kitu. Sasa biti inasikika nyembamba, kama haina kifua.

Lupu Fupi

Kifua cha singeli kinatoka Hz 120 hadi 250, si chini. Chukua ngoma ya ngozi, dumbaki au hata kigoda kilichopigwa kwa vijiti, ishushe nusu-toni tatu hivi, iweke pamoja na kiki kwenye nafasi ya 1 na 5, ikatwe milisekunde 120. Kisha mpe kundi lote la ngoma uharibifu kidogo, wa kusukuma, hadi usikie ukavu, urudi nyuma hatua moja. Hakikisha ngoma zote ziko katikati, mono. Mfumo wa spika wa mtaani mara nyingi ni mono, na ukitandaza ngoma kushoto na kulia kwa ujanja wa kugeuza wimbi, zitauana zikifika pale.

Kwenye masta, hatua ya mwisho ya biti nzima, usibane zaidi ya desibeli 3. Biti ya singeli haina kimya kati ya mapigo, hivyo ikibanwa 8 hakuna kinachobaki kuruka.

Dijei Mbili kwa Moja

Kwa ma-DJ wanaotaka kuipiga albamu hii: amapiano ni mlango wenu. Amapiano ya 112 na singeli ya 224 zinatembea hatua moja. Virtual DJ na programu nyingine mara nyingi zinaisoma singeli nusu, zinaandika 110 badala ya 220. Kwa kuchanganya na amapiano iacheni hivyohivyo, inasaidia. Kwa kuchanganya singeli na singeli, zidisha mara mbili kwanza, la sivyo gridi moja itakuwa ya 110 na nyingine ya 225, na kitufe cha kulinganisha kitaiburuta moja hadi iharibike.

Muda ndio unaowaumbua watu. Mapigo 32 ya amapiano yanakupa sekunde 17. Mapigo 32 ya singeli ya 224 ni sekunde 8.6. Ukizoea kuingiza besi polepole utakuta sehemu imeshapita. Andaa alama za kuanzia mapema, na hesabu mapigo 64.

Usitegee masikio kwa spika ya bluetooth. Inachelewa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, karibu pigo zima. Waya tu.

Na mchezo wa lupu fupi unaosikika sana kwenye singeli nauelezea hivi. Kwa 220, lupu ya nusu pigo ni kigugumizi. Robo pigo, milisekunde 68, ni mkwaruzo. Ukifika sehemu ya kumi na sita ya pigo, milisekunde 17, haurudii sauti tena, umetengeneza noti ya Hz 59 hivi, karibu kabisa na noti ya Si iliyoshushwa. Ukikata zaidi, nusu yake, inapanda oktavu. Anayejua hivyo anaweza kuzipiga lupu kama besi, ndani ya ufunguo wa wimbo. Wengi wanabonyeza tu, na inatoka nje ya wimbo.

Kuhusu albamu yenyewe: nakubaliana na Kipaza kwamba kuisikiliza nzima mfululizo kunachosha, na sababu naiona kwenye mpangilio. Mwendo unabaki juu na nguvu inabaki juu. Wimbo mmoja mmoja ndani ya seti unang'aa. Ningeipanga kwa kuweka mbili, kushuka kwenye kitu cha 150 au mchiriku wa zamani, kisha kurudi.

Vidole Kumi

Hilo la mpangilio nalikubali kwa sehemu. Mimi naisikiliza kwa mikupuo ya nyimbo nne, na hapo naona kila wimbo una tabia yake. Kasoro ninayoipa uzito zaidi iko kwenye Hz 3,000 hadi 5,000. Kinanda na hihati vinagombea hapo, na kwa sauti ya juu masikio yanauma kabla mwili haujachoka. Mwenye ikwalaiza apunguze desibeli 2 au 3 kwenye 4,000, pana kiasi. Wimbo haupotei, ukali unapoa.

Anayetaka kununua, Bandcamp ndiyo njia inayompelekea msanii na lebo fedha nyingi kwa kila nakala; wao wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na unapata FLAC au WAV papo hapo. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu zinafanya kazi, ilimradi uwe umeruhusu malipo ya nje ya nchi na umeweka akiba kidogo ya kufidia kubadilisha fedha.

Kipaza Mkononi

Swali la mwisho kwa Lupu Fupi. MC akitaka kujaribu juu ya biti ya aina hii, kwa mazoezi tu, aifanye vipi bila kufunikwa na kinanda?

Lupu Fupi

Kwa mazoezi ya nyumbani inawezekana. Kuitoa hadharani ni lazima uwaombe wenye kazi.

Ukiwa na faili iliyokwisha kumiksiwa huwezi kukitoa kinanda, ila unaweza kumfungulia MC njia. Weka kwenye biti kompresa (kibana sauti) inayofuata sauti ya kipaza, ibane kwenye eneo la Hz 800 hadi 3,000 pekee, ishuke desibeli 4 MC anapoongea na irudi ndani ya milisekunde 80. Ikichukua 300 kurudi, biti itakuwa imezama muda wote maana MC hanyamazi. Sauti ya MC ikatwe chini ya Hz 150, mdomo uwe vidole vinne kutoka kwenye kipaza, na usimwekee mwangwi wa chumba, mrudio mmoja wa 136 unamtosha.

Kwa nyimbo za mwendo mkubwa zaidi, fuata hesabu yako mwenyewe: silabi kwa kila pigo zima, na uingie kinanda kinapoacha. Tafuta zile nafasi ambazo Maiko amenyamaza mzunguko mmoja. Weka mstari wako hapo, umuachie, urudi.

Kipaza Mkononi

Nimekupata. Naanza na zile zilizo karibu na 220.